Nyumba ya Mazingaombwe ya Blois

Katika mji wa Blois, kando ya mto Loire nchini Ufaransa, ipo nyumba ya karne ya 19 inayokabiliana na kasri ya wafalme. Kwa nyakati zilizowekwa madirisha yake hufunguka, na joka lenye vichwa sita huwachungulia wapitao uwanjani. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1998 kuwa makumbusho ya mazingaombwe, kwa heshima ya Jean-Eugène Robert-Houdin, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1805.

Robert-Houdin alikuwa fundi saa kabla ya kupanda jukwaani. Mwaka 1845 alifungua ukumbi mdogo katika Palais-Royal, mjini Paris. Hakuvaa joho la mchawi, bali mavazi ya muungwana aendaye karamuni. Miongoni mwa maajabu yake lilikuwamo sanduku dogo ambalo mtoto aliliinua bila taabu, kisha mtu mzima mwenye nguvu akashindwa kulisogeza. Siri yake ilikuwa chini ya sakafu: sumaku ya umeme ilivuta chuma kilichofichwa katika tako la sanduku.

Mwaka 1856 sanduku hilo lilivuka bahari. Ufaransa, iliyokuwa imeivamia Algeria tangu 1830, ilimtuma Robert-Houdin kucheza mbele ya wakuu wa makabila katika mji wa Algiers, ili wayadharau maajabu ya mawalii waliodhaniwa kuwachochea watu wasiwatii watawala. Huko mchezo ulipewa maana nyingine: ukawa hoja kwamba Mfaransa aweza kumnyang'anya mtu nguvu zake. Aliyejaribu kuliinua sanduku alipigwa na umeme mpaka akaanguka magotini.

Habari hizi twazipata hasa katika kumbukumbu alizoziandika Robert-Houdin mwenyewe, naye amejipa humo sifa ya ushindi. Mambo yaliyofuata hayamuungi mkono. Mwaka 1857 jeshi la Ufaransa liliishinda Kabylie kwa silaha. Na mwaka 1871, mwaka aliokufa Robert-Houdin, wenyeji waliinuka tena wakiongozwa na El Mokrani. Lau mazingaombwe yangalitosha kuwatuliza, silaha zisingalihitajika. Kilichogombewa kilikuwa ardhi na utawala, na mambo hayo hayakatwi kwa sumaku.

Wala si haki kuwacheka wakuu wale kwa kustaajabu, maana watu wa Paris nao walilistaajabia sanduku lile lile. Tofauti ni kwamba mtu wa Paris alinunua tiketi akijua anakwenda kuchezewa macho, hali mkuu wa kabila aliketishwa mbele ya wale waliomtawala. Kwa wa kwanza ulikuwa mchezo. Kwa wa pili ulikuwa kitisho.

Urithi wa fundi huyu ni mkubwa. Georges Méliès aliununua ukumbi wake mwaka 1888, kisha akaingia katika sanaa ya sinema. Na Houdini wa Marekani alijitungia jina kutokana na lake. Yafaa sifa hizo zihifadhiwe. Lakini Waswahili waliuita ufundi huu kiinimacho, na jina hilo lamkumbusha mtazamaji kwamba jicho huona kile tu lilichoonyeshwa. Makumbusho ya sanaa kama hii yatakuwa yametimiza kazi yake yakimwonyesha mgeni sanduku, na sumaku iliyo chini yake, na pia mkono ulioipeleka Algiers.