Radi Hufia Ardhini: Nani Hasa Mkali wa Umeme Kwenye Pokémon Tangu 1996 Mpaka Leo?

Wadau wa gemu, huu ubishi umekuwa mrefu, ebu tuukalie chini leo. Ukiuliza popote nani ni Pokémon bora wa aina ya Umeme, mmoja atakutajia Pikachu kwa sababu ndiye anayemjua toka utotoni. Mwingine atasema Jolteon kwa sababu ya spidi. Wa tatu, yule anayependa namba, atakuja na Regieleki na kutaka mjadala ufungwe hapo hapo. Wote wana hoja, ila kila mmoja anaongelea zama zake.

Na si ubishi wa kupoteza muda tu. Timu ina nafasi sita. Nafasi moja ukimpa mtu asiyefaa, utamlea masaa kibao, utampandisha levo usiku kucha, halafu siku ya mechi kubwa anaingia uwanjani na kuzimwa kwa pigo moja. Aliyewahi kupitia hayo anajua inavyouma.

Sasa kabla ya kutaja majina, shika kitu kimoja. Fundi umeme yeyote mtaani atakwambia kazi ya waya wa ethi: umeme ukivuja, unapelekwa ardhini, mtu asipigwe shoti. Waliotengeneza Pokémon walichukua wazo hilo hilo. Pigo la Umeme likimkuta Pokémon wa aina ya Ardhi, madhara yake ni sifuri. Si kidogo, ni sifuri kabisa. Na Ardhi akijibu, pigo lake linamuumiza wa Umeme mara mbili. Ndiyo udhaifu pekee wa Umeme, lakini ni udhaifu unaoua.

Kwa hiyo historia nzima ya hawa jamaa, toka 1996 mpaka leo, inazunguka swali moja: Ardhi akija, unafanyaje?

1996: Enzi ya spidi

Gemu za kwanza, Red na Green, zilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996 kwenye Game Boy. Wa Umeme walikuwa tisa tu: Pikachu, Raichu, Magnemite, Magneton, Voltorb, Electrode, Electabuzz, Jolteon na Zapdos.

Zama hizo spidi ilikuwa mfalme, na sababu yake wengi hawaijui. Kwenye gemu hizo za kwanza, uwezekano wa kupiga pigo la hatari, lile linaloumiza zaidi ya kawaida, ulitegemea spidi ya asili ya Pokémon mwenyewe. Jolteon alikuwa na spidi 130. Maana yake, karibu mara 1 katika kila mapigo 4 alikuwa anatoa pigo la hatari bila kutumia ujanja wowote. Anaanza yeye, anapiga Thunderbolt, na bahati iko upande wake. Electrode alimzidi mbio, 140, ila nguvu za kumaliza kazi hakuwa nazo.

Lakini hata Jolteon alikuwa na siku zake mbaya. Ukifika mji wa Vermilion unakutana na kiongozi wa gym ambaye ni luteni wa jeshi, mbabe wa umeme, ana Raichu anayenyanyasa watu. Watoto wengi walilia pale. Wajanja wakagundua kuwa jirani kabisa na mji huo kuna pango lililojaa Diglett, kajamaa kadogo kanachochungulia kutoka kwenye udongo. Unamkamata mmoja, unamlea kidogo, unaingia naye gym. Raichu anapiga radi, Diglett hata hashtuki. Mchezo umekwisha.

Ni kama waliotengeneza gemu waliliweka pango hilo pale makusudi, ili ujifunze mapema kwamba radi hufia ardhini.

1997 na 1998: Staa asiye na namba

Tamthilia ya katuni ilianza kurushwa Japani Aprili 1997, na Pikachu akawa uso wa kila kitu. Umaarufu wake ulikuwa wa ajabu. Desemba 16 mwaka huo, kipindi kimoja kilionyesha Pikachu akilipua makombora kwa radi, skrini ikawaka nyekundu na bluu kwa kasi, na mamia ya watoto Japani wakapelekwa hospitali. Kipindi kikasimamishwa kwa miezi kadhaa. Unajua nani aliyebeba lawama? Porygon, aliyekuwa mgeni tu kwenye kipindi hicho. Hajawahi tena kupewa kipindi chake. Pikachu, aliyepiga ile radi yenyewe, akarudi kazini kama kawaida. Ukiwa staa, ni staa.

Mwaka 1998 ikaja Yellow, gemu inayokuanzisha na Pikachu anayekufuata nyuma kila uendako. Ukimpa jiwe la radi ageuke Raichu, anakataa. Raha tupu, mpaka unapofika gym ya kwanza. Kiongozi wake ana Geodude na Onix, wote wawili ni mwamba na ardhi. Radi ya Pikachu kwao ni sifuri. Rafiki uliyepewa na gemu hana msaada kwenye mtihani wa kwanza kabisa!

Ndiyo maana kwenye Yellow waliweka Mankey karibu na mwanzo wa safari, akupigie ngumi zile kazi ambazo Pikachu haziwezi. Gemu ilikuwa inakwambia kwa upole: mpende Pikachu, lakini usimtegemee peke yake. Baadaye, kwenye Gold na Silver za 1999, wakamletea Pikachu kifaa chake maalum, Light Ball, kinachozidisha mara mbili nguvu ya mashambulizi yake ya kipekee. Hata hivyo mwili ulibaki ule ule mwepesi. Anapiga sana, akipigwa anaanguka.

Jibu la kwanza: mabawa

Turudi kwenye wale tisa wa mwanzo. Mmoja wao alikuwa na jibu la Ardhi toka siku ya kwanza: Zapdos. Yuko mmoja tu kwenye gemu, amejificha kwenye kituo cha umeme kilichotelekezwa. Ni Umeme na pia ni Ndege, na Pokémon wa aina ya Ndege hapigwi na mashambulizi ya Ardhi. Tetemeko linapita chini, yeye yuko juu.

Zaidi ya hapo, akikutana na wa Ardhi hakosi kazi ya kufanya, anamchoma na Drill Peck, pigo la mdomo wake. Ndiyo maana Jolteon alipopoteza ile faida ya mapigo ya hatari, kanuni zilipobadilishwa kwenye Gold na Silver, Zapdos hakutetereka. Spidi yake ni 100 tu, lakini hajawahi kukosa kazi. Vizazi vimepita, kanuni zimegeuzwa mara nyingi, na kila akiruhusiwa kucheza unamkuta kwenye timu za watu makini.

Jibu la pili: mashine ya kufulia

Hii nayo inachekesha. Mwaka 2006 zilipotoka Diamond na Pearl, alikuja Rotom, kajini kadogo ka umeme kanakoelea hewani. Uwezo wake unaitwa Levitate: kwa kuwa haigusi ardhi, tetemeko halimpati. Mwaka 2008, kwenye Platinum, wakampa uwezo wa kuingia ndani ya vyombo vya nyumbani: jiko la microwave, friji, feni, mashine ya kukata nyasi na mashine ya kufulia.

Mwanzoni ilikuwa kama mzaha. Kisha 2010, Black na White zikabadilisha aina zake kulingana na chombo. Mashine ya kufulia ikawa Umeme na Maji. Hebu piga hesabu. Ardhi hamgusi kwa sababu anaelea. Wa Ardhi akileta kifua, anamwagiwa maji, na maji yanamuumiza Ardhi mara mbili. Udhaifu uliobaki ni mmoja tu, Majani. Kwa mara ya kwanza wa Umeme ndiye aliyekuwa anamtafuta wa Ardhi uwanjani. Mashine ya kufulia ikawa moja ya majina yanayoheshimika sana kwenye mashindano kwa miaka mingi.

Ila usidhani kukosa udhaifu kunatosha. Kizazi hicho hicho kilituletea Eelektross, Umeme mtupu na anaelea vilevile, yaani kwenye karatasi hana udhaifu hata mmoja. Lakini spidi yake ni 50 na hakuwa na kazi maalum ambayo wengine hawaiwezi. Wengi wakamsifia, wachache wakampanga.

2014: Kindi wa shavu la njano

Hapa ndipo ninapotaka ukae vizuri.

Agosti 2014, Washington, D.C., fainali za dunia. Kijana mmoja kutoka Korea Kusini anatoa timu yake, na ndani yake yumo Pachirisu. Kama humjui, ni kindi mdogo wa umeme, wa urembo zaidi kuliko vita. Jumla ya uwezo wake wote ni 405, wakati majitu ya kwenye mashindano yanakaribia au kupita 600. Watu walidhani ni utani.

Haikuwa utani. Mashindano rasmi huchezwa wawili kwa wawili, na yule kijana alikuwa na Gyarados, mnyama mkali ambaye kabla hajabadilika umbo anaumizwa na Umeme mara nne. Pachirisu alikuwa na pigo linaloitwa Follow Me, ambalo linavuta mashambulizi ya mpinzani yanayolenga mmoja yamwelekee yeye. Na uwezo wake, Volt Absorb, unageuza umeme anaopigwa kuwa afya. Yaani silaha iliyoletwa kumuua Gyarados inaishia kuwa chai ya Pachirisu. Akichoka kulinda, anampooza mpinzani kwa Nuzzle au anamkata nusu ya afya kwa Super Fang. Kindi anakula vipigo, Gyarados anamaliza kazi.

Yule kijana akambwaga Mmarekani kwenye fainali na kuwa bingwa wa dunia.

Wapo wanaosema aliweka Pachirisu kwa mapenzi. Sikubaliani nao. Aliweka swali sahihi mezani: timu yangu inaogopa nini, na nani anaweza kulizuia hilo? Jibu likawa kindi. Kama angechagua kwa kuangalia namba kubwa tu, asingemwona kabisa.

Spidi 200, halafu?

Sun na Moon, 2016, zikatuletea Tapu Koko, ambaye akiingia tu uwanja wote unajaa umeme na radi zinapata nguvu za ziada. Alitawala kweli. Miaka minne baadaye akaja Regieleki mwenye spidi 200, hakuna Pokémon anayemfikia hata kwa kukimbia kilima kuteremka. Nguvu za radi anazo, uwezo wake unaziongeza tena.

Tatizo lake? Nje ya umeme hajui mengi. Mpinzani akimwingiza wa Ardhi, yule mwenye spidi kuliko wote duniani anabaki anashangaa. Mwaka 2020 tukarudi darasani kwa luteni wa Vermilion, somo lile lile la Diglett.

Kisha Scarlet na Violet, Novemba 2022, zikageuza meza. Iron Hands, aina ya Mapigano na Umeme, ana spidi 50 tu, lakini afya yake ni 154 na nguvu ya mwili 140. Huyu hakimbii. Anaingia, anapigwa, anabaki amesimama, halafu anarudisha kwa ngumi inayomrudishia afya, na ngumi hiyo haijali kama wewe ni Ardhi. Na kizazi hiki kina jambo jingine, Terastal: katikati ya mechi Pokémon anaweza kubadili aina yake. Unamletea tetemeko, yeye anageuka Majani, pigo linakatwa nusu.

Sasa wewe umpange nani?

Kama unacheza hadithi tu mwenyewe, mchukue unayempenda, ila mpe pigo moja lisilo la umeme na umweke pembeni yake mwenzake wa Maji au Majani. Kama unacheza na watu, usianze na spidi wala nguvu. Anza na maswali matatu. Ardhi akiingia, huyu ana jibu au anakimbia? Timu yangu inaogopa nini, na huyu anaweza kulizuia? Na akipigwa mara moja, atabaki uwanjani?

Kwa vigezo hivyo, orodha yangu hii hapa. Namba moja Zapdos, kwa kuwa kanuni zimebadilika mara nyingi na yeye bado yupo. Namba mbili Rotom wa mashine ya kufulia, aliyemgeuza adui kuwa windo. Namba tatu Iron Hands, kwa kutuonyesha kuwa wa Umeme anaweza kwenda taratibu na bado akatisha. Jolteon namheshimu kwa enzi zake. Pachirisu simpi namba, yeye ana kombe.

Na Pikachu? Pikachu hayupo kwenye orodha. Najua mtanishambulia, karibuni hapo chini kwenye komenti. Ila ukija kumtetea, njoo na jibu la Onix.