Lehemu na Kasiteriti

Ndugu zetu mlioko kambini, na ninyi wenzetu wa mashirika, leo tuongee juu ya kitu kidogo: lehemu. Ni ule waya laini wa rangi ya fedha ambao fundi wa redio au wa simu anauyeyusha ili kushikanisha vipande viwili. Neno lenyewe ni la Kiarabu, lilipitia pwani. Lakini ndani ya waya ule kuna bati, na bati hutokana na kasiteriti, ambayo watu wa Kivu na Maniema tunaijua vizuri, maana wengi wetu tuliichimba, tuliibeba, au tuliikimbia.

Mimi nilijifunza kulehemu Katwe, hapa Kampala. Katwe ni mtaa wa mafundi tangu zamani. Uko karibu na Mengo, penye ikulu ya Kabaka, na ikulu haikukaa bila wahunzi. Waganda wana hadithi ya mhunzi aitwaye Walukaga. Mfalme alimwamuru atengeneze mtu wa chuma anayetembea, anayeongea, mwenye damu mwilini. Walukaga hakukataa. Aliomba tu makaa ya nywele za watu na mitungi ya machozi. Mfalme alishindwa kuvipata, amri ikafa.

Kazi niliyoikuta kwa fundi ilikuwa ya shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Hiyo nayo ina historia. Karne ya 19, misafara ya pwani ilibeba nguo, shanga na waya wa shaba ulioitwa masango. Waya ule ulikuwa kama pesa: ulilipia chakula na ushuru wa njiani, tena ulisokotwa bangili. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna mwaka 1844. Na huko Katanga, wazee waliyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la msalaba karne nyingi kabla ya Mbelgiji. Uganda nayo ilifungua mgodi wa shaba wa Kilembe; mwaka 1956 reli ikafika Kasese, na shaba ikawa inayeyushwa Jinja. Kwa hiyo Mkongo akishika shaba hapa Kampala, hashiki kitu kigeni.

Siku zile kulikuwa na mteja anayekusanya vifaru vya mfano, vidogo vya kukaa kiganjani. Alitaka vipande vya shaba: vishikio, vifuniko, kimkono cha taa. Mwenzangu mmoja, aliyekimbia vita, alisema hatashika kifaru hata cha kuchezea. Fundi hakumlazimisha, akampa bomba la jiko la mafuta ya taa alilehemu. Kazi ni ileile.

Kulehemu si kuchomelea. Anayechomelea huyeyusha vyuma vyenyewe. Lehemu ya bati 63 na risasi 37 kwa mia huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, wakati shaba ya njano inataka kama 900. Shaba haiyeyuki, bati ndiyo inayoishika. Kwanza unasugua kwa msasa mpaka ing'ae, maana lehemu haishiki uchafu. Halafu unapaka dawa, kwa mfano utomvu wa msonobari, ili shaba isishike kutu ikipata moto. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapotatizika, unapasha moto shaba, siyo lehemu. Shaba ikiiva, lehemu inakimbilia penyewe kwenye mwanya. Kama pembeni kuna kiungo ulichokwisha kukilehemu, kifunike kwa kitambaa kibichi, la sivyo kitaachia. Mwisho nawa mikono, na usilehemu chombo cha chakula kwa lehemu yenye risasi. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

Sasa turudi kwenye bati. Karibu nusu ya bati yote duniani huishia kwenye lehemu. Tarehe 1 Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulizuia risasi kwenye vifaa vingi vya umeme. Viwanda vikahamia lehemu ambayo karibu yote ni bati. Miaka hiyohiyo, kule Bisie, wilaya ya Walikale, vijana walikuwa wanabeba mizigo ya kilo 50 mgongoni, kwa miguu, msituni, mpaka barabarani. Pale ndege ndogo zilitua juu ya lami na kuipeleka Goma. Wenye bunduki walitoza kila hatua.

Dunia ikaona haya. Julai 2010, Marekani ilipitisha sheria ya kuyataka makampuni yaeleze madini yao yanatoka wapi. Septemba mwaka huo, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, mpaka Machi 2011. Nia ilikuwa kuwanyima wenye bunduki pesa. Lakini mchimbaji aliyelipa karo ya watoto kwa koleo lake naye alinyimwa, na hakuna aliyemuuliza atakula nini miezi ile sita. Mfalme wa Walukaga alitaka chuma chenye damu. Soko lilitaka bati isiyo na damu. Safari hii aliyetakiwa kuleta machozi ni mchimbaji, na aliyaleta.

Sisemi biashara ile ilikuwa safi. Nilichotaka kusema ni kwamba bati hiyo ina watu, na baadhi yao wako Nakivale, Kyaka II, na humu Katwe, wakinunua kwa shilingi, kwa vipimo vya sentimita, kitu walichokiuza kwa magunia.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Wenzetu wa mashirika, mkipanga mafunzo ya ufundi, pamoja na cherehani na saluni, wekeni na meza ya kulehemu. Haitaki vitu vingi: chuma cha kulehemia, msasa, dawa, kitambaa kibichi, dirisha wazi, na fundi mvumilivu. Na mkimpata kijana wa Walikale kwenye orodha, muulizeni alishawahi kubeba nini. Huenda anaijua lehemu kuliko mwalimu, kwa upande ule ambao mwalimu hajawahi kuuona.