Muuguzi wa Pwani na kazi ya Uingereza: anza na jina lako

Kila wiki napigiwa simu na vijana wa nyumbani waliosomea uuguzi. Swali lao ni moja: "Dada, nifanyeje cheti changu kikubalike Uingereza?" Njia hiyo nimeipita mwenyewe, kwa hivyo leo naieleza hatua kwa hatua, pamoja na kosa lililonichelewesha miezi kadhaa.

Kwanza fahamu kwamba hospitali inayokuajiri haina uwezo wa kukuidhinisha. Anayeamua ni Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, NMC kwa kifupi. Jina lako lisipoingia katika daftari lake, huwezi kufanya kazi kama muuguzi, hata uwe umetumikia wodini miaka 20.

Hatua zenyewe ni hizi:

Kiingereza. Wengi wetu hufanya mtihani wa IELTS. Unatakiwa upate 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Wengine huchagua OET, ambao maswali yake ni ya kihospitali.

Uthibitisho. Baraza la Wauguzi la Kenya ndilo linalowathibitishia NMC moja kwa moja kwamba umesajiliwa. Nakala utakayopeleka wewe mwenyewe haitoshi. Tafuta pia cheti cha tabia njema cha polisi.

Mtihani wa kompyuta, yaani CBT. Huu waweza kuufanya ukiwa bado Kenya. Una sehemu mbili: hesabu, zikiwemo za vipimo vya dawa, na maarifa ya uuguzi.

Mtihani wa vitendo, yaani OSCE. Huu hufanyiwa Uingereza kwenyewe. Una vituo 10: utampima mgonjwa, utapanga huduma, utatoa dawa, na yote hayo ukiwa unatazamwa. Waajiri wengi huwalipia wauguzi wao, lakini uliza kabla ya kutia sahihi mkataba, na uliza pia utadaiwa nini ukiacha kazi mapema.

Sasa kosa langu. Cheti cha shule kiliniandika Fatuma, kitambulisho kikasema Fatma, na pasipoti ikaongeza jina la babu ambalo chuoni halikuwepo. Kwetu sisi ni mtu yule yule. Kwa anayekagua karatasi ng'ambo, hao ni watu watatu. Ombi langu lilisimama mpaka nilipokwenda kwa wakili nikaapa hati ya kiapo. Mwenzangu ambaye tofauti yake ilikuwa kubwa zaidi ilimbidi abadilishe jina rasmi na litangazwe katika Gazeti la Serikali.

Jambo la mwisho ni mawakala. Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kuajiri wahudumu wa afya mwaka 2021, na sheria ya Uingereza inamkataza wakala kumtoza mtu pesa za kumtafutia kazi. Ada za mitihani na usajili ni halali na utazilipa. Anayekudai laki mbili "za nafasi", mkimbie. Nimewaona walioziuza dhahabu za mama zao wakabaki na risiti tupu.

Kwa hivyo kabla hujalipia mtihani wowote, tandaza karatasi zako zote mkekani, usome jina lako herufi kwa herufi. Kurekebisha herufi moja ukiwa Mombasa ni kazi ya siku chache. Ukiwa ng'ambo, utamsumbua kila mtu nyumbani.