Mashindano ya Fasihi na Usomaji wa Mashairi kwa Lugha Mbili: Mfano wa Kiayalandi

Lugha ya Kiayalandi ina fasihi andishi kongwe kuliko lugha nyingi za Ulaya. Hata hivyo, katika karne ya 19 ilikaribia kutoweka vinywani mwa watu. Shule za kitaifa zilizoanzishwa mwaka 1831 zilifundisha kwa Kiingereza, na njaa kuu ya miaka 1845 hadi 1849 iliua watu wapatao milioni moja, wengi wao wakiwa maskini wa magharibi waliosema lugha hiyo. Sensa ya mwaka 1851 ilihesabu wasemaji takribani milioni moja na nusu. Sensa ya mwaka 1891 ilikuta wapatao 680,000 tu. Aidha, wengi wa waliosalia hawakupata kufundishwa kuisoma lugha yao wenyewe.

Katika hali hiyo ndipo Conradh na Gaeilge, chama cha kuihuisha lugha, kilipoundwa mwaka 1893, na Douglas Hyde akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1897 chama hicho kiliandaa tamasha la kwanza la Oireachtas mjini Dublin, kwa kufuata mfano wa Eisteddfod ya Welisi na Mòd ya Uskoti. Washindani walituzwa kwa mashairi, nathari, hotuba na ukusanyaji wa fasihi simulizi. Muda si mrefu yakazuka matamasha madogo ya mitaa, yaitwayo feis, na mashindano yakafika vijijini.

Ni kosa kuyatazama mashindano hayo kama burudani tu. Mwamuzi aliyempa mshindi tuzo alilazimika kwanza kujibu maswali ya isimu. Je, mshairi afuate tahajia ipi? Lahaja ya Munster, ya Connacht au ya Ulster ipewe uzito gani? Aandike kwa mtindo wa karne ya 17, au kwa usemi wa wakulima wa siku zake? Padri Peadar Ua Laoghaire alishika upande wa usemi wa watu, na hadithi yake Séadna, iliyotoka kama kitabu kamili mwaka 1904, iliupa upande huo nguvu kubwa. Usanifu rasmi wa sarufi na tahajia ulichapishwa mwaka 1958, baada ya miongo mingi ya mabishano. Msomi wa Kiswahili, anayekumbuka kazi ya Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 na manung'uniko ya washairi wa Kimvita, hatayaona mabishano hayo kuwa mageni.

Hata hivyo, mashindano yalikuwa na udhaifu wake. Yaliweza kumzaa mwandishi, lakini hayakuweza kumzalia wasomaji. Oireachtas yenyewe ilikatika baada ya mwaka 1924, ikafufuliwa mwaka 1939. Shairi lililoandikwa kwa ajili ya mwamuzi lilihitaji pia msikilizaji wa kawaida, na msikilizaji huyo mara nyingi alikuwa Mwayalandi aliyejua Kiingereza vizuri na Kiayalandi kwa kubahatisha.

Hapo ndipo usomaji wa lugha mbili ulipopata nafasi. Chanzo chake si kipya, kwani mwaka 1893 Hyde alichapisha nyimbo za mapenzi za Connacht pamoja na tafsiri za Kiingereza. Mwaka 1970 wanafunzi wa chuo kikuu cha Cork, akiwamo Michael Davitt, walianzisha jarida la Innti, na kizazi chao kikalirudisha shairi la Kiayalandi jukwaani. Mwaka 1990 diwani ya Nuala Ní Dhomhnaill, Pharaoh's Daughter, ilitoka ikiwa na tafsiri za washairi kumi na watatu. Maktaba za umma nazo zikawa ukumbi wa usomaji wa namna hiyo, hasa wakati wa Seachtain na Gaeilge, tamasha la lugha linaloadhimishwa mwezi wa Machi. Maktaba haidai kiingilio wala haimpi msikilizaji mtihani.

Lakini je, tafsiri inamsindikiza msikilizaji hadi kwenye shairi, au inampa ruhusa ya kutolisikiliza? Biddy Jenkinson alikataa mashairi yake yatafsiriwe kwa Kiingereza nchini Ayalandi. Michael Hartnett alitangaza katika diwani yake ya mwaka 1975 kwamba anakiaga Kiingereza, kisha mwaka 1985 akakirudia kwa Inchicore Haiku. Na yeye huyo huyo ndiye aliyemtafsiri Ní Dhomhnaill. Misimamo hiyo miwili yote ilitokana na mapenzi kwa lugha ile ile.

Sensa ya mwaka 2022 katika Jamhuri ya Ayalandi ilikuta watu wapatao milioni 1.87 waliosema kuwa wanakijua Kiayalandi, ilhali waliokitumia kila siku nje ya shule hawakufika 72,000. Pengo hilo ndilo linaloyapa maana mashindano na usomaji pia. Mashindano huhakikisha kwamba kuna jambo jipya la kusomwa. Usomaji wa lugha mbili humwita yule aliye ndani ya pengo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiingereza kikikaribishwa kama mgeni, baada ya shairi la asili kusomwa na kusikika, mwenyeji hupona. Kikitangulia, wasikilizaji hukosa sababu ya kumngoja mwenyeji.