Upungufu wa kalsiamu na kulegea kwa meno

Asilimia 99 ya kalsiamu mwilini huhifadhiwa katika mifupa na meno. Mlo usipotosheleza, tezi ndogo za shingoni hutoa homoni inayochota madini hayo mifupani ili kiwango chake katika damu kisishuke. Mfupa wa taya unaoshikilia mizizi ya meno nao hupungua uimara. Ieleweke, hata hivyo, kwamba chanzo kikuu cha mfupa huo kulika ni bakteria wa ukoga wanaoshambulia fizi. Maziwa hayachukui nafasi ya mswaki.

Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na ugali au ndizi pekee havifikishi kiwango hicho. Katika Tarafa ya Mgeta, milimani Uluguru, wakulima hufuga mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, walioletwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Robo lita ya maziwa ya mbuzi hutoa takriban miligramu 300. Asiye na mbuzi ale dagaa wazima, pamoja na mifupa yao. Mchicha, unaosifiwa mno, una kalsiamu nyingi, ila sehemu kubwa haifyonzwi mwilini.

Mwananchi anayetokwa damu kwenye fizi au kuona jino likicheza afike kliniki ya meno mapema, kwa kuwa mfupa uliokwisha kulika haurudi wenyewe.