Mbele ya kuzima mashine iliyoganda

Bandugu, wiki ya kugawa mbegu, ofisi moja ya hapa Kindu iliona mashine pepe yake imeganda, na ndani mulikuwa liste ya wakulima wa Kama. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na chuma chake, inaishi ndani ya kompyuta ingine. Kila mtu alisema: zima, washa. Tulifanya hivyo mara tatu. Inarudi muzuri, kiisha inaganda tena, na sababu hatuioni.

Zamani kuzima hakukupoteza kitu sana. Mwaka 1953, kule Marekani, kompyuta Whirlwind ya chuo cha MIT ilianza kutumia kumbukumbu ya vipete vidogo vya sumaku. Umeme ukikatika, vipete vinashika tu yale yaliyoandikwa. Programu ikikufa, mafundi wanachapisha kumbukumbu yote, makaratasi kwa makaratasi ya namba, wanasoma polepole. Ndiyo dampu. Kisha mwaka 1970 Intel ikauza chipu 1103, na vipete vikaanza kuachwa. Ila chipu inasahau: kata umeme, ushahidi umekwenda. Sisi tulikuwa tunafuta ushahidi kwa mikono yetu wenyewe.

Tarehe 2 Agosti 1972 IBM ilitangaza VM/370, mashine pepe nyingi ndani ya chuma kimoja. Moja ikiganda, mtu aliweza kuchapisha kumbukumbu yake bila kugusa zingine. Mpaka leo ni vile: kompyuta mwenyeji inanakili kumbukumbu ya mgonjwa kutoka inje, ao inamtumia ishara ambayo prosesa haiwezi kupuuza. Mfumo unaanguka kwa kulazimishwa, lakini unaandika kwanza dampu kwenye diski. Hiyo njia ya pili inatayarishwa siku mashine iko nzima. Kwa Linux, kdump inatengewa kipande cha kumbukumbu mapema. Na dampu inabeba kila kitu, hata namba za siri, basi musiitupe kwenye grupu la WhatsApp.

Mara ya ine tulikataza watu kugusa, tukanakili kutoka inje. Programu zote zilikuwa kwenye mustari, zinangojea diski moja ya mtandao, ya chumba cha pili. Batri yake ilikuwa imekufa: jenereta ikizimwa, nayo inazimika, ikirudi inapewa anwani ingine. Mashine inangojea ile ya zamani. Ukiiwasha upya inauliza tena, inapata mpya. Mashine haikuwa mgonjwa hata kidogo. Tulinunua batri, tukafunga anwani isibadilike, na liste ya Kama ikachapishwa ile siku.