Kosa Lilikuwa Jina
Mwaka 1937, kampuni ya Massengill ya Tennessee, Marekani, ilitaka kuuza sulfanilamide kama dawa ya maji, si vidonge tu. Mkemia wake akaiyeyusha katika dietilini glikoli, kemikali tamu yenye sumu. Hakuna aliyepima usalama wake, wala sheria haikudai hivyo. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi.

Serikali iliikamata dawa hiyo kwa kosa moja tu: iliitwa “Elixir”, jina la dawa yenye alkoholi, na alkoholi haikuwamo. Ingepewa jina jingine, ingebaki madukani kihalali.

Sheria ya 1938 ilimtaka mtengenezaji athibitishe usalama kabla ya kuuza. Hadi hapo, mpimaji wa dawa mpya alikuwa mgonjwa mwenyewe.